Fundo la Mtu Mwingine

Mimi si mtu wa shule. Darasa la tatu niliacha katikati, mwalimu bado ameshika chaki, na mpaka leo sijajuta. Wale niliowaacha kwenye dawati ndio hao hao wananisimamisha barabarani wakitaka lifti. Nina malori mawili, kinu cha kusaga mahindi pale Nkubu, na nyumba ya mawe yenye mabati mazito, mvua ikinyesha humsikii mtu mliyekaa naye meza moja. Yote hayo niliyapata kwa mikono hii. Nayataja mapema ili anayesoma asidhani ni hadithi ya mtu aliyeshindwa na maisha. Maisha nimeyaweza. Kilichonishinda ni fundo la nyasi.

Chini ya Kanyakine, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda kwenye joto, kuna mteremko mkubwa wa nyasi. Siku hizi una lango na seng'enge, na kila Jumamosi watu hukutana pale kwa kujitolea. Hung'oa miiba, huziba makorongo kwa mawe, hufyeka njia ya kuzuia moto. Wengi ni vijana na kina mama ambao hawajui mambo yalianza vipi. Mimi najua kwa sababu nilikuwapo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia nusu yake tu.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, Mzungu akipigana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba yetu na kukusanywa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki limezunguka pande zote na ndani yake miti iliyochongwa ncha. Kutoka ni kwa pasi. Kurudi ni kabla ya filimbi. Sasa fikiria nyumba mia ngapi sijui zimejengwa kwa wakati mmoja, na kila nyumba inataka nyasi za kuezekea. Watu walikata nyasi mpaka kando za barabara, mpaka makaburini. Mwaka wa kwanza haujaisha, nchi yote kuzunguka kijiji ilikuwa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa kwa chupa. Mvua ilipokuja ikabeba udongo, na ng'ombe wakaanza kula majani ya migomba.

Ulibaki ule mteremko mmoja. Na ungeisha pia, kama si mzee mmoja aliyekuwa na mguu mbovu.

Nikisema mzee, hakuwa mzee sana. Labda alikuwa na umri nilio nao mimi leo. Mti ulikuwa umemwangukia zamani akipasua mbao, mguu wa kushoto ukapona vibaya, akawa anatembea kama mtu anayepanda ngazi. Alikwenda kwa chifu akasema: tupeni ule mteremko tuulinde wenyewe, nyasi zipumzike, zitoe mbegu, halafu tutakata kwa zamu na nyumba zote zitaezekwa. Chifu akalipeleka kwa Bwana Shauri, mzungu mkubwa wa wilaya. Huyo naye alipenda sana maneno ya udongo, ukimtajia udongo alikuwa anatabasamu. Akatupa alasiri mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi. Hakuna mshahara, hakuna chakula. Anayetaka aandikishwe.

Tuliandikishwa kama watu ishirini, kina mama wakiwa wengi. Asubuhi tunachimba mitaro ya serikali kwa amri, gadi, wale walinzi wa serikali, wamesimama nyuma yetu na fimbo. Alasiri tunashuka nyasini kwa hiari yetu. Watu wa kijiji walitucheka mpaka wakachoka.

"Nyinyi ni punda wa aina gani?" walituuliza pale langoni. "Mkifunguliwa nira mnairudia wenyewe?"

"Punda wa kulala kwenye nyumba isiyovuja," mzee aliwajibu, akapita na mguu wake.

Mimi niliingia kwa sababu ya pasi. Hiyo ndiyo kweli. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimechoka kuona handaki. Lakini nilipoingia niliingia kwa nguvu, maana sijui kufanya kitu kidogo. Hakuna aliyenishinda kung'oa kichaka. Kisiki ambacho watu wanne walikiacha, mimi nilikitoa peke yangu nikakibeba begani mpaka juu ili wote wakione. Mzee alisema, "Umefanya vizuri. Sasa kirudishe chini, kizibe korongo." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilimwekea alama.

Kazi yetu ilikuwa na utaratibu ambao mzee aliutoa kwa wazee wake. Mteremko uligawanywa vipande, kila mtu chake. Kwenye mpaka wa kipande chako, kila hatua kumi, unakusanya nyasi zilizosimama, bila kuzikata, unazifunga fundo. Fundo la nyasi mbichi huku kwetu kila mchungaji analijua: hapa pamefungwa, usipitishe mifugo. Hakuna aliyethubutu kulivuka. Na kila mtu alikuwa na namna yake ya kufunga, kama vile kila mama ana namna yake ya kusuka kiondo. Ukiona fundo unajua ni la nani bila kuuliza. La mzee lilikuwa dogo, chini karibu na goti, limesokotwa mara mbili, kichwa kikaingizwa ndani kama kuku aliyeficha kichwa kwenye bawa. Langu lilikuwa juu kifuani, kubwa, unaliona ukiwa ng'ambo ya mto.

"Hilo ni fundo au ni bendera?" mke wa mzee aliniuliza siku moja. Alikuwa mama mwenye maneno, na kipande chake kilipakana na changu.

"Mama, mtu akiwa na kitu akionyeshe."

"Onyesha. Ila ujue fundo lina mwenyewe. Kikiharibika kitu nyuma yake, anajibu yeye."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Fundo lina mwenyewe. Ng'ombe wakiingia kwenye kipande chako, hata kama ulikuwa umelala na homa, wewe ndiye unayesimama mbele ya wenzako na kujibu.

Mwaka wa pili nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Zilikuwa nzuri, sijui niseme vipi. Upepo ukipita zinalala zote pamoja na kuamka zote pamoja. Tulikubaliana zikishadondosha mbegu tutaanza kuezeka, na nyumba ya kwanza iwe ya mzee, kwa sababu paa lake lilikuwa limeoza na mke wake alikuwa anaweka masufuria ndani kukinga maji. Lakini kwanza ilibidi tumalize njia ya moto, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kikali.

Njia ya moto inafanywa hivi. Unakata ukanda wa hatua nane kuzunguka, unakusanya zile nyasi katikati, unazichoma. Unachoma alfajiri, umande ukiwa bado uko chini, na watu wanasimama pande zote na matawi mabichi. Mzee alituombea ruhusa ya asubuhi moja, Jumamosi, kwa ajili hiyo tu. Kila mtu alikuwa amekata kipande chake isipokuwa yeye. Mguu ulikuwa umevimba. Alikuwa amefika nusu.

Alhamisi asubuhi, pale bombani, watu wamepanga foleni na madebe, mimi nikaanza. Nilisema kwa sauti, "Mkubwa wetu atatuchelewesha. Kiongozi ndiye wa mwisho! Mimi kipande kama kile ningekimaliza kabla chai haijapoa."

Mke wake ndiye aliyejibu, lakini alimgeukia mumewe, akimtania mbele za watu: "Umesikia? Usipoangalia, mimi mwenyewe leo nitaenda kukikata na kukichoma, nikutoe aibu."

Watu wakacheka, mzee naye akacheka. Yalikuwa maneno ya bombani, yaliishia hapo. Nayaandika kwa sababu yalikuja kuua kitu.

Mimi nilikuwa na pasi ya kila siku, kwani nilikuwa naendesha mkokoteni wa ng'ombe kuleta nguzo za kambi ya gadi. Siku hiyo nilipomaliza kupakia nguzo, nikasimamisha ng'ombe kivulini, nikashuka nyasini peke yangu na panga. Nilikata ile nusu iliyobaki. Nilifanya haraka, na kazi safi, hata leo nasema ilikuwa kazi safi. Halafu nikasimama nikaangalia zile nyasi nilizozikusanya katikati, kavu kabisa, nikajiona Jumamosi, watu wamekuja na matawi yao wakute kila kitu kimekwisha. Nikatoa kiberiti.

Ilikuwa saa tisa. Saa tisa upepo hupanda kutoka kule chini kwenye joto, kila siku, hata mtoto anajua. Nilijua. Nilifikiri mimi nitauweza.

Moto ulipanda hatua nne tu kama mtu, kisha ukaruka. Niliupiga kwa tawi, tawi likashika. Nikavua koti nikapiga kwa koti. Kanga, ndege wale wa madoa, walitoka nyasini wakikimbia mbele ya moto na vifaranga vyao, mimi nikiwa katikati yao nakimbia upande huo huo. Nilipogeuka juu ya kilima, kazi ya watu ishirini ilikuwa moshi mmoja unaofunika jua.

Nikachukua ng'ombe nikazunguka kwa mtoni. Nikaoga. Nikaingia kijijini kwa lango la upande mwingine na nguzo zangu.

Gadi wa lango akaniuliza, "Umeona ule moto?"

"Moto gani?" nikasema. Mbingu yote nyeusi nyuma yangu.

Nilipofika ndani nikajiangalia kwenye kioo kidogo nilichokuwa nacho. Nyusi zilikuwa zimeungua, hakuna hata unywele. Nikachukua masizi chini ya sufuria nikajichora nyusi. Mtu mzima, nikajichora nyusi.

Jioni ile ile, jua bado lipo, filimbi ikapigwa na wote tukatolewa uwanjani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mkubwa wa gadi alikuwa amewaka kwa hasira. Wakati ule moshi haukuwa moshi. Moshi ulikuwa barua kwa watu wa msituni. Mtu akiwasha moto mkubwa mchana, swali ni moja: alikuwa anamwita nani? Alikuwa ameshika kitu mkononi. Moto ulikuwa umeacha mafundo machache kwenye mpaka wa chini, na yeye alikuwa amekata moja na kuja nalo.

"Moto umeanzia pale lilipo hili," alisema. "Fundo la nani?"

Hakuna ambaye hakujua. Lilikuwa dogo, limesokotwa mara mbili, kichwa ndani.

"Nauliza tena. Mkinyamaza, kijiji kizima hakitoki nje ya handaki mwezi mzima. Mtakula udongo mnaoupenda."

Nilikuwa mstari wa pili. Jasho lilianza kunitoka kwenye paji la uso. Najua nilivyofikiri, sitasingizia kwamba nilichanganyikiwa. Nilifikiri hivi: mzee hana kosa, mzee ana mguu mbovu, kila mtu anajua hawezi kufika kule na kurudi, kwa hiyo watamwacha. Nikaliona ni wazo zuri. Nikalishika.

Mzee aligeuza kichwa akatazama upande wa wanawake. Akatazama kwa muda. Mimi nilidhani anamuaga mke wake. Kisha akatoka mstarini kwa ule mwendo wake wa ngazi.

"Ni langu."

"Nani alichoma?"

"Fundo lina mwenyewe," mzee akasema. "Mniulize mimi."

Wakamwondoa hapo hapo. Mke wake alipiga kelele mara moja tu, "Hakutoka nyumbani huyo! Mguu umevimba!" wakamwambia anyamaze. Tulipotawanywa alipita karibu nami, macho makavu, akasimama. Akanitazama. Akachukua pembe ya leso yake akanifuta uso.

"Una masizi, kijana. Yanakuchuruzika." Kisha, "Nyusi zako zimekwenda wapi?"

"Nimezinyoa, mama. Chawa."

"Ii," akasema, "chawa wametumaliza." Akaenda zake na leso yenye masizi yangu.

Mzee alipelekwa kambi moja upande wa Embu, kule chini kwenye ukavu. Akakaa miaka mitatu. Ruhusa yetu ya nyasini ilifutwa. Na nyasi zenyewe, bwana, hazikungoja. Mvua ya kwanza tu zikachipua, mvua ya pili zikafika gotini. Moto haukuua mizizi. Kama zingekufa labda ningeona nafuu, sijui. Nilikuwa napita na mkokoteni naziona kijani na mwenyewe hayupo.

Mke wake aliezeka nyumba kwa majani ya migomba. Yakavuja. Nikaenda mbali sana kumtafutia nyasi, nikamwezekea paa bila kuombwa, na kazi hiyo nilijivunia kijijini kote, nikiwauliza watu kama wameona paa lingine lililonyooka vile. Mama yule aliniwekea mikono kichwani akanibariki. "Mungu angenipa mtoto wa kiume," alisema, "ningetaka awe wewe." Usiku ule chakula hakikupita kooni. Asubuhi kikapita. Nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa.

Mzee alirudi wakati vijiji vimeanza kulegea. Mguu ulikuwa vile vile, ila mkono wa kulia ulikuwa umekwisha. Jiwe lilikuwa limemwangukia akivunja kokoto, na vidole vitatu vikagandamana kama vya mtu aliyeshika jembe lisilokuwapo. Wiki hiyo hiyo alikwenda kumwomba chifu ruhusa ya mteremko. Akapewa. Sisi wa zamani tukarudi, kila mtu kwenye kipande chake.

Siku ya kufunga mafundo nilimkuta ameinama kwenye mpaka wake. Anakusanya nyasi, anasokota, zinamtoka. Anakusanya tena. Nilisimama nikamtazama, nikaamua: leo nasema. Nilikwenda pale kusema.

"Muga, mzee."

"Muga. Njoo hapa, wewe mwenye vidole. Nitakufundisha fundo langu, unifungie."

Akanifundisha. Shika hapa, zungusha, usivute sana utazikata, sasa kichwa kiingie ndani. Fundo lililompeleka Embu, mimi nalifunga kwa mikono hii, yeye ananielekeza kwa kile kidole kimoja kizima. Tulipofika fundo la tano hivi nikasema, "Mzee, ule moto."

"Wacha ule moto," akasema. "Mimi sina hasira na moto. Nyasi zimerudi. Hasira yangu ni moja." Akaangalia kule juu ambako mke wake alikuwa anang'oa miiba, akashusha sauti. "Aliyechoma namjua. Alisema mwenyewe bombani asubuhi, watu wote wakasikia. Atakwenda kukata na kuchoma. Na alasiri hiyo hakuwa nyumbani. Pale uwanjani nilimtazama, nikasema, akichukuliwa huyu atakufa huko. Nikatoka. Sijutii. Lakini nimerudi, nimemwambia kwa upole, niambie tu, mama, yaishe. Anaapa si yeye. Miaka mitatu nimebeba kokoto yake na ananiapia usoni. Mke wangu ni mtu mzuri, ila ni mwongo wa jambo moja, na hilo moja limeniingia kama mwiba wa nyasi. Huuoni, lakini hulali."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hakuna mahali palipokuwa wazi zaidi ya hapo. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Nikasema, "Pole, mzee," nikainama, nikafunga fundo la sita.

Nikamfungia miaka kumi na moja. Kila kiangazi, hata baada ya kununua lori la kwanza, hata nilipokuwa nasafirisha nafaka kutoka Siakago na sina nafasi ya kukohoa, nilikuja siku ya mafundo. Watu walinisifu. Tajiri, wakasema, lakini hajamsahau mzee. Mimi nikapokea sifa, nikaondoka nazo. Na mle ndani ya nyumba yao watu wawili walikuwa wanakula chungu kimoja bila kutazamana. Mzee alikufa hivyo, nami nikaendelea kumfungia mjane wake mwaka hadi mwaka.

Mwaka huu wale wa kujitolea walijenga lango. Nguzo zilitoka kwangu, lori langu ndilo lililozileta, na wakaniomba niseme maneno machache juu ya mzee. Nikasema vizuri sana. Kusema najua. Nilipomaliza wakapiga makofi, na yule mama, sasa nyanya wa kutembelea mkongojo, akasimama akanishika mkono akauinua juu. "Huyu," akawaambia, "ndiye aliyebeba fundo la mume wangu."

Makofi yakazidi. Nilitaka ardhi inimeze, mabati yangu na yote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kwenye mpaka wa kipande cha mzee, anachambua mbegu kutoka kwenye kikapu. Nikakaa chini kwenye vumbi, na suruali yangu ya suti. Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Nkubu, lakini yalitoka matatu tu: "Ni mimi nilichoma."

Hakuacha kuchambua. Kisha mikono ikasimama.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa tisa," akasema. "Saa tisa nilikuwa mtoni nafua blanketi lake. Nikamwambia. Nilimwambia nilikuwa mtoni nafua blanketi lako. Akasema sawa. Alikuwa akisema sawa." Akamwaga mbegu kikapuni. "Na wale chawa?"

"Hakukuwa na chawa, mama."

"Nami nikakufuta."

"Ulinifuta."

"Miaka ile yote alikuwa ananigeuzia mgongo," alisema, wala hakuwa akinisema mimi, alikuwa anaziambia zile mbegu. "Alikuwa anakufa nikamshika mkono ule mbovu. Akaniambia, mama, bado unaweza kuniambia. Unajua nilimwambia nini? Nilichoka. Nilimwambia, haya, ni mimi. Ndipo akalala."

Akaninyooshea mkongojo, si kwa kunipiga, bali kuelekeza, kwenye fundo lililokuwa pembeni yangu, dogo, kichwa ndani, nililolifunga mwenyewe wiki mbili kabla.

"Fungua."

Nikafungua.

"Na lile."

Nikaenda kwa magoti, fundo kwa fundo, mpaka mpaka wote ukaisha. Wale wa kujitolea walikuwa wamefika na majembe yao, wamesimama, hawaelewi tajiri anatafuta nini chini. Nyanya akawaita. Akaniambia, "Sasa waambie na hawa. Yote, si nusu." Nikawaambia. Mmoja wetu wa zamani, mtu wa rika langu ambaye hajawahi kunipenda, alisema tu, "Kumbe," akatema mate, akaenda kung'oa miiba. Wengine wakainamia majembe yao. Kelele ningeivumilia zaidi.

Kipande cha mzee sasa anakifunga yeye nyanya. Fundo lake ni lile lile. Kumbe alilijua siku zote, hakuna aliyemwuliza. Mimi sikufukuzwa. Nimepewa kipande cha kando ya barabara, kibaya, ambacho kila mwenye ng'ombe anakipita. Mafundo yangu nayafunga chini sasa, karibu na goti.

Juma lililopita ng'ombe wawili walivunja seng'enge wakaingia, wakala mpaka mbegu za mwisho. Nilikuwa Siakago siku hiyo na lori. Jumamosi tukasimama pale, na kijana mmoja wa kamati, asiyenijua vizuri, akauliza fundo hilo ni la nani.

Nikasema ni langu.